Uliza Fundi wa Sauti: Maduka Yanayojitangaza kwa Mlio

Safu ya watunzi wa riwaya, michezo ya redio na michezo ya mezani. Mwezi huu barua tatu zimegusa jambo moja, kwa hiyo nazijibu pamoja.

SWALI: Shikamoo Mama. Ninaandika riwaya inayotokea katika mji wa kubuni wa mtindo wa Zama za Kati: ngome, kuta za mawe, vichochoro, mafundi wa kila aina. Kwa kuwa wakazi wengi hawajui kusoma, nimeamua maduka yasiwe na vibao. Kila duka lina mlio wake mlangoni: mwoka mikate ana filimbi, mhunzi ana kengele nzito, mshonaji ana zeze, mwuza dawa ana zumari. Wazo hili nalipenda sana. Lakini rafiki aliyesoma sura tatu za mwanzo anasema mji wangu ni makelele matupu, tena hauaminiki, maana hata asiyejua herufi anaitambua picha ya kiatu. Je, nilifute?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usilifute. Ila rafiki yako amekuonyesha penye ufa, na ufa huo hauzibwi kwa kuongeza kengele.

Kutojua kusoma peke yake si sababu ya kutosha. Miji ya Ulaya ya Zama za Kati ilijaa watu wasiojua herufi, na ilijimudu kwa picha na vitu vilivyotundikwa. Huko Uingereza mwenye kilabu cha pombe alitokeza mti mlangoni wenye kichaka cha majani nchani, na miti hiyo ilishindana kwa urefu hata mwaka 1375 wakuu wa London wakaamuru isitokeze barabarani zaidi ya futi 7. Mwaka 1393, zama za mfalme Richard II, ikawa sheria kwamba atengenezaye pombe ya kuuza lazima atundike alama, asipotundika anyang'anywe pombe. Picha ni rahisi, haichoki wala haidai ujira. Basi msomaji atakuuliza kwa nini watu wako wamechagua njia yenye gharama. Lazima awe na jibu, na jibu lipo.

Kibao kinasema duka liko wapi. Sauti inasema kuna nini sasa hivi. Kiatu cha mbao kinaning'inia vile vile, fundi awe kazini au awe mgonjwa kitandani. Lakini mlio ukisikika, mikate imetoka, maji ya hamamu yamepata moto, pipa jipya limetobolewa. La mgambo likilia kuna jambo, na mji wako wote unaweza kusimama juu ya methali hiyo moja: hapa hakuna mlio unaolia bila jambo.

Tazama Paris ya karne ya 13. Kulikuwa na watu waliolipwa kunadi mvinyo. Mnadi alizunguka mitaani na mtungi na kikombe, akitangaza mvinyo wa kilabu fulani na bei yake, akimwonjesha mpita njia. Kazi yenyewe ilikuwa rasmi. Mwaka 1220 mfalme Philippe Auguste aliwakabidhi wafanyabiashara wa mto Seine usimamizi wa wanadi hao, na katika miaka ya 1260 Étienne Boileau, mkuu wa jiji aliyeagiza kanuni za ufundi na biashara za Paris ziandikwe, akaziingiza na kanuni zao. Mnadi aliweza kuingia kilabu kisicho na mnadi, akawauliza wanywaji wanatozwa bei gani, kisha akatoka nje kuitangaza bei hiyo, mwenye kilabu apende asipende. Na mfalme alipotaka kuuza mvinyo wake mwenyewe, vilabu vingine vilisitisha biashara na wanadi wote wakanadi wa mfalme.

Rudia kusoma sentensi mbili hizo za mwisho. Humo mna uadui, mna rushwa, mna mtu mmoja mwenye koo zuri anayeogopwa na wenye vilabu wote wa mtaa. Riwaya yako haihitaji filimbi nyingi kiasi hicho. Inahitaji mtu wa namna hii mmoja.

Wenye hamamu wa Paris nao waliwatuma watu kutangaza kwamba maji yako tayari, na kanuni zikawakataza kunadi kabla ya kupambazuka, kwa kuwa aliyeamka gizani kufuata mwito huo angeweza kudhuriwa njiani. Mimi napenda sana kanuni za aina hii. Mstari mmoja unakuambia saa ambayo watu walikwenda kuoga, giza la mitaa lilivyokuwa, na kwamba palikuwa na watu waliojificha humo wakingoja.

Sasa tuje kwa mafundi wako mmoja mmoja. Mhunzi mnyang'anye kengele. Fuawe ni kengele yake. Pigo zito juu ya chuma cha moto, kisha mapigo mawili matatu mepesi nyundo ikirukaruka juu ya fuawe tupu wakati anakigeuza chuma: mdundo huo hakuna fundi mwingine anao. Mtengeneza mapipa huzunguka pipa akiteremsha pete kwa nyundo, na mlio unapanda kadiri pete inavyokaza. Kitanda cha kufumia nguo kina mapigo yake, na wafumaji kumi wa chumba kimoja hawapigi kamwe kwa pamoja. Huko Fez, katika uwanja wa Seffarine karibu na msikiti wa Qarawiyyin, wafua shaba wanagonga hadi leo, na mgeni huwapata kwa kusikiliza kabla hajaona sufuria hata moja.

Mwuza dawa ananifurahisha zaidi, kwa sababu zumari uliyompa haina uhusiano na kazi yake, ilhali mkononi tayari ana ala. Vinu vya shaba nyeusi vya wauza dawa vilisubuliwa mara nyingi na mafundi wale wale waliosubu kengele. Mchi ukigonga ukingo, kinu kinaita. Mpe mwuza dawa wako desturi ya kugonga ukingo mara tatu amalizapo kusaga, na mtaa mzima utajua dawa ya nani imekamilika. Mbadilisha fedha huangusha sarafu juu ya jiwe ili ausikilize mlio wake, maana fedha safi haiiti sawa na iliyochanganywa risasi. Hapo hapo tangazo na uthibitisho vinakuwa kitu kimoja: anayepita anasikia kwamba meza hii inapima kweli.

Wanaobaki ni wale ambao kazi yao ni kimya. Mshonaji, mwandishi wa barua, mtengeneza mishumaa. Hawa tu ndio waazime mlio, na wapiganie. Mshonaji wako hamchukui mpiga zeze asubuhi hadi jioni. Ana mkasi mkubwa wa chuma, auchezeshe hewani mlangoni anapokuwa hana mteja. Mlio huo utatangaza pia kwamba leo hakuna foleni.

Kuna na suala la sikio lenyewe. Nimefanya kazi ya sauti za michezo ya redio kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na jambo ambalo watunzi hulisahau ni kwamba sauti si zote zinazoonyesha zilikotoka. Sikio hutambua kulia na kushoto kwa tofauti ndogo ya muda kati ya sikio moja na jingine, isiyofika hata elfu moja ya sekunde. Mlio mkavu na mfupi, kama wa mbao mbili zikigongana, unampa msikilizaji mwanzo ulio wazi wa kupimia. Noti ndefu laini ya zumari haina mwanzo wa aina hiyo, na katika kichochoro cha mawe inarudishwa na kila ukuta hadi mtu anazunguka bila kujua aelekee wapi. Sauti nene hupinda kona vizuri, nyembamba hukwama. Kwa hiyo pembe ni ya kuwaambia watu wa mtaa wa pili kwamba jambo limeanza, na mkono unaogonga ubao ni wa kuwaonyesha mlango upi. Duka lenye akili lina vyote viwili.

Tena sauti hufa haraka. Penye uwazi, kila umbali ukizidi maradufu, nguvu yake hushuka kwa desibeli 6 hivi. Umati unaoongea unatosha kuufukia mlio wa kengele ndogo. Na mlio usiokatika huacha kusikika hata ukiwa mkubwa, kwa kuwa akili huuweka pembeni. Ndiyo maana anayeishi kando ya kinu cha maji hushtuka kinaposimama. Rafiki yako alisema mji ni makelele matupu kwa sababu kila duka lako linalia wakati wote. Filimbi ya mwoka mikate ilie mara moja, tanuri linapofunguliwa. Basi.

Je, milio ya namna nyingi inaweza kukaa mji mmoja bila kuchanganyika? Inaweza, na dunia imekwisha kufanya hivyo. Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya 1, aliishi juu ya hamamu na akalalamika katika barua: mwuza soseji, mwuza vitu vitamu, wachuuzi wa migahawa, kila mmoja na lahani yake ya kipekee. Pia mnyonyoa nywele mwenye sauti nyembamba, ambaye hanyamazi ila anapomnyonyoa mteja kwapa, ndipo mteja hupiga kelele badala yake. Huko China mambo yalikwenda mbali zaidi. Zheng Xuan, mwanazuoni wa karne ya 2, alipotaka kueleza filimbi ya zamani aliifananisha na ile waliyopuliza wauza sharubati nzito ya nafaka wa siku zake. Li Song, mchoraji wa mwanzoni mwa karne ya 13, alimchora mchuuzi wa vikorokoro na kigoma cha mkono, kile chenye mpini na shanga mbili za kamba zinazoipiga ngozi kikizungushwa. Baadaye Beijing, kinyozi wa kutembea alibeba koleo refu la chuma lililovuma likipitishwa kijiti katikati, na mwuza mafuta aligonga mbao. Cairo, wauza vinywaji waligonganisha vikombe vya shaba mkononi.

Angalia walivyojigawia: ngozi, chuma kinachovuma, mbao, shaba. Hawakutofautiana kwa noti juu ama chini, maana hakuna mnunuzi aliye mwanamuziki. Walitofautiana kwa kitu kinacholia na kwa mwendo wa mapigo. Nawe fanya hivyo. Ukiwa na kengele nne za ukubwa tofauti umewapa wasomaji wako kazi ambayo hata mimi nisingeiweza.

Halafu sheria. Mji ambao sauti ni mali lazima uwe na wenye mali na wezi. Katika miji mingi ya Uingereza soko lilifunguliwa kwa kengele, na aliyeuza au kununua kabla yake aliadhibiwa. Kengele kubwa zilikuwa za kanisa na za mji, na duka la mkate haliwezi kujitundikia ya kwake ikafanana na ya hatari ya moto. Kibao cha mbao cha kugonganisha kilikuwa Ulaya alama ya watu wenye ukoma, waliotakiwa kuwatahadharisha wapita njia na kuomba sadaka bila kusogea. Mchuuzi mgeni akiingia mjini na kibao hicho kwa sababu kwao kinauza mafuta, mtaa utamkimbia: una sura nzima hapo. Kanisa Katoliki nalo hunyamazisha kengele zake kuanzia Alhamisi Kuu hadi mkesha wa Pasaka, na vibao vya mbao hushika nafasi yake. Fikiria mji wako ukiwa na siku kama hizo, shaba yote imenyamaza, wauzaji wanatafuta njia ya kuita kwa mbao na kwa midomo.

Majirani pia wapewe nafasi. Kanuni za watengeneza michokoo ya farasi wa London, za mwaka 1345, ziliwakataza kufanya kazi baada ya kengele ya usiku ya kanisa la Mtakatifu Sepulchre, kwa sababu ya moto na usumbufu wao usiku. Na katika karne hiyo hiyo, jijini humo, mfua mavazi ya vita alishtakiwa na majirani kwamba nyundo zake zinatikisa kuta zao, zinawanyima usingizi usiku na mchana, na kuharibu mvinyo na pombe zilizowekwa chini ya nyumba. Ninayo imani kwamba kesi moja ya aina hii, ukiiandika kwa makini, itamfanya msomaji auamini mji wako kuliko kurasa za maelezo.

SWALI: Mama, habari za kazi. Mimi huongoza mchezo wa mezani wa kuigiza, wachezaji watano, dunia yenye mapanga na majoka. Nilijaribu mji wa sauti lakini nikaishia kusema "mnasikia kengele, kisha kengele nyingine". Wachezaji wakaboreka. Niseme nini?

JIBU: Lugha yetu imekupa tanakali, nawe umeziacha kabatini. Nyundo ndi! ndi-ndi. Mlango ngo ngo ngo. Kitu kinaanguka majini chubwi. Tumia tanakali mara ya kwanza tu mlio unapotokea, ili sikio liupate. Baada ya hapo tumia kitenzi, maana navyo tunavyo vya kutosha: ngoma inarindima, kamba ya mjeledi inaalika, moto unatatarika, chuma kinakwaruza, pembe inavuma. Mchezaji akisikia "kinakwaruza" mara ya pili atajua yuko karibu na mnoa visu bila wewe kumtajia mnoa visu. Ukirudia "ndi ndi ndi" usiku kucha, mezani patakuwa pa watoto.

Usiweke milio zaidi ya mitatu katika sehemu moja. Studio ilinifunza hivyo: wa nne unapoingia, msikilizaji anaangusha mmoja kati ya ile ya kwanza, nawe huchagui ni upi. Mmoja uwe wa mbali, mmoja wa karibu, mmoja ukatike ghafla. Huo uliokatika ndio watakaouulizia.

Na uwape njia ya kuutumia mlio. Kuna ukungu na wanatafuta mganga: wakisimama wakasikiliza, watasikia kinu, wakiendelea kuzungumza, hawatasikia. Upepo ukivuma kutoka kwao kwenda dukani, duka lililo mita mia moja huenda lisisikike, na usiku wa baridi uliotulia wanasikia hata la ng'ambo ya mto. Mwizi wa kundi anaweza kujifunza mwito wa mnadi fulani na kuwavuta watu upande usiofaa. Ukiwa na sarafu, ufunguo na bilauri mezani, piga mlio wenyewe na uwaambie wafumbe macho waonyeshe kwa kidole. Hili la mwisho linafanya kazi kila mara.

SWALI: Kwako Fundi wa Sauti. Mhusika wangu mkuu ni kiziwi tangu kuzaliwa, na nimeazima wazo la mji usio na vibao kutoka kwa mwenzangu. Naogopa nimemfungia nje ya mji wake mwenyewe.

JIBU: Ndiyo, umemfungia, na hilo ndilo la kuandika. Usimpe uwezo wa ajabu wa kufidia. Mpe alichonacho: moshi wa tanuri unaobadilika rangi mikate inapokaribia kutoka, mvuke wa hamamu juu ya paa, vichwa vinavyogeuka pamoja upande mmoja. Nyundo kubwa ya mhunzi ataihisi nyayoni akiwa amekaribia, ya mshona viatu hataihisi kamwe. Atafika amechelewa mahali pengi, mkate wa kwanza hatoupata, na majirani watadhani ni mvivu.

Wasioona, kwa upande wao, wangekuwa watu wenye nguvu katika mji kama huo, na pengine ndio walimu wa wanadi. Paris ya karne ya 13 ilikuwa na nyumba ya vipofu 300, Quinze-Vingts, iliyoanzishwa na mfalme Louis IX, na wakazi wake walipita mitaani wakiomba kwa sauti katikati ya miito ya wachuuzi. Mkutanishe mhusika wako na mmoja wao, wafanye biashara pamoja. Mmoja anajua nani anaita, mwingine anaona nani anadanganya.

Mimi ningemfanya mhusika wako kuwa mtu wa kwanza kutundika kitu mlangoni. Awe mshona glavu, achomeke glavu moja kwenye kijiti juu ya mlango, kwa sababu hawezi kujua kama filimbi aliyouziwa inalia au imeziba. Wateja watakuja hata wakati wa kelele za sokoni, hata siku kengele zimenyamazishwa. Chama cha wanadi kitaona hatari kabla ya mtu mwingine yeyote, maana glavu ile haimlipi mnadi chochote, nao watampeleka mbele ya wakuu wa mji. Watamshtaki kwa kosa gani, ikiwa kanuni zote za mji zinahusu sauti na yeye hakutoa hata moja? Ziandike kanuni hizo kwanza, kifungu kwa kifungu, kabla hujaigusa sura ya kesi.